Ubao wa Kinyota

Kila siku baada ya shule, Tone alipitia kwenye karakana ya mjomba wake kabla ya kwenda nyumbani. Alitundika mkoba kwenye msumari, akafunga kipande cha gunia kiunoni, akaanza kuosha brashi kwa tapentaini. Jina hilo la Tone binti huyo alipewa na mjomba mwenyewe, siku alipoangusha tone la rangi nyekundu kwenye bango la kinyozi, katikati ya paji la uso la yule mtu aliyechorwa. Kinyozi alilipokea bango hivyo hivyo, akidhani ni mtindo mpya.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati chenye dirisha moja kubwa. Ndani kulikuwa na makopo ya rangi yaliyopangwa kwa ukubwa, meza iliyojaa madoa, na harufu ambayo wageni walikohoa wakiivuta. Mjomba alichora mabango ya maduka, zahanati na shule, na watu wa mji ule walimwita Fundi.

Fundi alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja. Hakupaka kitu ambacho hakijatazamwa. Alikata vipande vidogo vya bati, akapaka kila kipande rangi yake, akavitunga vyote kwenye waya kama funguo. Mteja akitaka nyanya kwenye bango lake, Mjomba alikwenda sokoni na waya wake, akaviweka vipande kando ya nyanya kimoja kimoja mpaka rangi zikubaliane. Kipande kilichokubali alikikwaruza nyuma kwa msumari. Ndipo aliporudi kuchanganya rangi.

"Fundi, si nyanya tu hiyo?" wauza mboga walimtania. "Nani asiyeijua nyanya?"

"Naijua," alijibu, "lakini nataka kuiona."

Mchoraji wa upande wa pili wa mji hakuwa na subira hiyo. Alimchorea mwenye bucha ng'ombe kwa kukumbuka tu, akatoka na ng'ombe anayecheka. Watu wakasema maskini yule ng'ombe hajaambiwa anakopelekwa.

Tone alikuwa ameosha brashi za watu wazima kwa muda mrefu, na hakuna kitu alichokitamani kama kushika brashi yenye rangi mbele ya ubao wa kweli. Kila alipoomba, Mjomba alimjibu jambo lile lile. "Mkono wako uko tayari, mpwa wangu. Ninayangoja macho."

Siku moja alikuja askari wa msitu. Alikuwa mama mwembamba mwenye buti zilizoganda tope, na alizungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliozoea kufanya kazi mahali penye ndege. Msitu wenyewe ulikuwa juu ya mji, mlimani, umefunikwa na ukungu karibu kila asubuhi. Wanafunzi wa shule za karibu walikuwa karibu kuanza kupelekwa huko kujifunza, na langoni palihitajika ubao mkubwa.

"Nataka umchore kinyota," akasema. "Ni ndege mdogo wa msitu wa mlimani, hazidi ngumi ya mtoto. Ana kidoa cheupe mbele ya kila jicho, kama nyota. Na umchore mahali anapokaa hasa. Si urembo huo. Kuna watu wanaofyeka njia ya wanafunzi, nami nimewaambia wasiguse mahali anapokaa ndege. Mimi kuanzia keshokutwa nazunguka upande wa pili wa mlima, sitakuwepo. Nimewaambia ubao utawaonyesha."

Mjomba aliutazama mguu wake. Kifundo kilikuwa kimefungwa bendeji tangu alipoteleza kwenye ngazi.

"Mlima siuwezi," akasema. Kisha akamgeukia Tone, ambaye alikuwa amesimama na brashi inayochuruzika. "Utakwenda wewe. Chukua waya wa rangi. Ukimwona, linganisha, ukwaruze. Angalia anakaa juu ya nini, chini ya nini, kwenye jua au kivulini. Macho yako kesho ndiyo macho yangu. Ukinirudishia rangi sahihi, ubao huu tutaupaka wawili."

Tone hakulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi askari alimwongoza kwenye njia nyembamba. Kadiri walivyopanda, ndivyo miti ilivyozidi kuwa mikubwa na mwanga kupungua. Magogo yalikuwa yamevaa kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayoota mahali penye unyevu. Maji yalidondoka ingawa mvua haikunyesha. Si mbali na lango walifika kwenye ukingo wa udongo kando ya njia, uliofunikwa na makangaga na mizizi iliyopinda, na askari akasimama.

"Hapa," akanong'ona. "Huyu hujenga chini kabisa, kwenye kingo kama hizi. Hata ukisimama mbele ya kiota chake, waweza usikione. Kaa kwenye gogo hili. Usiseme, usitikisike. Atakuja."

Kabla hajamaliza, filimbi ya askari mwenzake ikasikika kutoka juu. Mti ulikuwa umeanguka njiani. Akaondoka, akamwacha Tone na waya wake wa rangi.

Tone alikaa. Baridi ilimpenya kwenye soksi. Hakukuja ndege. Alihesabu vidole vyake, akatazama makangaga, akatazama tena vidole. Mara akahisi kitu kama sindano kwenye kifundo cha mguu, kisha kingine kwenye goti. Alipoinama, aliona mstari mweusi wa siafu ukipita chini ya gogo na kupanda kwenye viatu vyake.

Hakungoja tena. Alitimua mbio akijipigapiga miguu, akashuka njia yote mpaka nje ya msitu, mahali palipokuwa na jua na nyasi. Hapo alikaa juu ya jiwe akichomoa siafu mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga kwa maumivu na kwa aibu.

Juu yake kulikuwa na mti wenye maua mekundu. Ndege mmoja wa manjano iliyong'aa alitua tawini, akanyonya ua, akaimba, akaruka. Alikuwa mdogo. Alikuwa mzuri. Tone akautazama waya wa rangi mkononi. Akachagua manjano ya kung'aa, akaikwaruza nyuma. Akachagua kijani cha nyasi, akakikwaruza pia.

Askari aliporudi alimkuta hapo hapo.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Na nyota zake?"

"Na nyota zake," Tone akasema, akiinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Hongera," askari akasema. "Wapo watu wazima walioshindwa."

Kule karakanani, Mjomba alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumuuliza pole pole. Ndege alikaa wapi? Juu, kwenye tawi. Tawi la nini? La mti wenye maua mekundu. Jua lilikuwepo? Lilikuwepo, Mjomba. Mjomba aliutazama ule waya, akaugeuza, akaona mikwaruzo.

"Mimi nilidhani msituni ni giza," akasema.

"Kulikuwa na jua."

"Basi," Mjomba akasema. "Wewe ndiye uliyekwenda."

Ubao ukaanza. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na Tone alipewa brashi kama alivyoahidiwa. Alipaka anga ya bluu na petali za maua. Mjomba alimchora ndege mwenyewe, mwili wa manjano kama jua la mchana, na mbele ya kila jicho akaweka nukta nyeupe kama askari alivyosema. Waliopita walisimama dirishani kusifu. Tone alikuwa amekingoja kitu hiki muda wote, lakini sasa kila sifa ilimfanya atamani kwenda kuosha makopo nyuma ya kibanda.

Nyumbani, kabla ya chakula cha jioni, Bibi aliomba kama kawaida yake. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea majirani, kisha akasema, "Na asante, Mungu, kwa macho ya mjukuu wangu, yaliyomsaidia mwanangu wakati mguu wake unauma."

Wote wakasema amina. Tone alivingirisha tonge, akalirudisha sahanini.

"Mbona wewe chakula unakichezea tu?" Bibi akamuuliza baadaye. "Au rangi zimekushibisha?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Hujala, umeshibaje?" Bibi akamsogezea sahani.

Siku ya kusimamisha ubao ilifika. Uliletwa langoni juu ya mkokoteni, umefunikwa shuka, na Mjomba akiwa amekaa kando yake na fimbo yake ya kutembelea. Wafyekaji walikuwa wakingoja na mafyekeo yao begani. Mnyapara wao, mtu mnene mwenye kofia pana, ndiye aliyeivuta shuka.

"Loo!" akasema. "Kumbe ndege mwenyewe ni wa juu! Na sisi wiki nzima tumekuwa tukivikwepa vichaka vya chini kama tunakwepa mbwa mkali."

"Fundi, huyu nimfunge kamba," mfyekaji mmoja akasema. "Naona anataka kuruka."

Mjomba akacheka. "Sifa mpeni mpwa wangu. Mimi mkono tu. Macho yalikuwa yake."

Mnyapara alimtazama ndege kwenye tawi lake, juani, juu kabisa ya ubao. Akageukia watu wake. "Basi, vijana, njia ifunguke. Fyekeni hayo makangaga mpaka ukingoni, wanafunzi wapate nafasi ya kusimama. Ndege hatapoteza kitu, yeye ana ghorofa yake."

Wakacheka, wakaingia. Tone alisikia mafyekeo yakianza, fyaa, fyaa, na harufu ya majani mabichi ikamfikia. Alijua ni ukingo upi. Alijua askari alichosema akiwa amesimama pale. Alimtazama Mjomba, aliyekuwa akikaza nati kwenye nguzo huku akipiga mluzi, na akajua kwamba akisema, mluzi ule utakatika, na huenda asiruhusiwe tena kushika brashi. Asiposema, fyekeo litafika.

Alikimbia.

"Simameni! Jamani, simameni!"

Mfyekaji wa mbele aliruka nyuma. "Nyoka? Yuko wapi?"

"Hakuna nyoka. Ubao umekosewa."

"Umekosewa vipi?" Mnyapara alikuja akihema. "Na nani?"

"Na mimi." Tone alimeza mate. "Sikumwona kinyota. Siafu waliniuma nikakimbia, nikachagua rangi za ndege mwingine. Nilidanganya. Askari alisema kinyota hujenga chini, huku huku mnakofyeka."

Mafyekeo yakashushwa. Nyuma yao ilisikika fimbo ya Mjomba ikigonga mawe. Alifika, akasimama.

"Rudia," akasema.

Tone alirudia yote, tangu mwanzo, bila kuinua macho.

Mjomba aliegemea fimbo yake. Aliyesema ni mnyapara. "Sasa tukuamini lini, binti? Punde tu ndege alikuwa juu, sasa yuko chini. Kesho utatuambia anaishi kisimani? Mimi nina njia ya kumaliza."

Hilo ndilo lililomuuma Tone kuliko siafu, kwamba sasa alikuwa akisema kweli na kweli yenyewe ilikuwa haina nguvu.

"Wape watu wako chai," Mjomba akasema hatimaye. "Wakimaliza, kama hatujaona kitu, fyekeni."

Mnyapara alikuna shingo. "Chai ya kikombe kimoja, Fundi. Si birika zima."

Wafyekaji walirudi langoni. Mjomba alijishusha kwenye gogo pole pole, mguu mbaya mbele, na Tone akakaa kando yake. Makangaga yaliyokatwa yalilala njiani. Yaliyobaki yalisimama kwenye ukingo, upana wa mkono mmoja tu kutoka mahali fyekeo la mwisho lilipokomea. Mjomba hakumtazama mpwa wake. Alitazama ukingo. Naye Tone akatazama ukingo, na safari hii hakuhesabu vidole.

Maji yalidondoka. Kutoka langoni walisikia vikombe na mzaha wa wafyekaji, kisha mtu akisema ya kwake imekwisha. Mnyapara akaanza kuja, kofia yake ikionekana katikati ya miti.

Ndipo jani moja kavu likasogea.

Ndege alikuwa chini, kwenye udongo, mahali ambapo Tone alikuwa amepatazama muda wote. Aliruka hatua moja, akasimama, akaruka tena. Mgongo wake ulikuwa kijani kizito, kama majani yaliyomzunguka, na ndiyo maana macho yalikuwa yakimpita. Kichwa kilikuwa kijivu chenye bluu ndani yake, rangi ya wingu lililobeba mvua. Kifua kilikuwa manjano, lakini si manjano ya kung'aa ya ubaoni. Ilikuwa manjano iliyokolea, ya kiini cha yai. Mkia ulikuwa mweusi katikati na manjano pembeni. Mdomoni alibeba mdudu. Na mbele ya kila jicho kulikuwa na kidoa cheupe, kidogo na safi.

Kofia ya mnyapara ikavunja kijiti. Ndege akashtuka, akanyoosha shingo, na katikati ya koo lake ikajitokeza nyota nyingine nyeupe, ambayo haikuwepo kabla. Ilikaa kidogo ikafichika tena chini ya manyoya. Kisha akaruka kwenye ukingo, akaingia kwenye rundo la kuvumwani ambalo mtu yeyote angelidhani ni rundo la kuvumwani tu. Ndani yake vilisikika vilio vyembamba vya makinda.

Mnyapara alivua kofia. Alilitazama rundo lile, akayatazama makangaga yaliyokatwa, akapima kwa macho nafasi iliyobaki kati yake.

"Mkono mmoja," akanong'ona. "Ningepita nalo na nisijue nimepita na nini."

Mjomba alitoa waya wake mfukoni. Alichagua kijani, kijivu, manjano, akavinyoosha kuelekea ndege alipotokea tena, akakwaruza. Kazi hiyo aliifanya bila haraka. Alipomaliza alimkabidhi Tone waya.

"Mkokoteni," akasema. "Ubao unarudi nyumbani."

Siku iliyofuata Tone hakupewa brashi. Alipewa msasa. Alisugua anga ya bluu, akasugua maua mekundu, akamsugua yule ndege wa manjano mpaka mbao ikaonekana, na vumbi la rangi likamjaa kwenye nyusi. Askari wa msitu alipita karakanani akitoka upande wa pili wa mlima, na Tone akamweleza mwenyewe, bila kusukumwa.

"Siafu?" askari akasema. "Ee, mwanangu! Siafu wakitembea, wadudu wote hukimbia mbele yao, na kinyota huja kuwala hao wadudu. Ungesogea pembeni kidogo tu, ungemwona kabla hujamaliza kujikuna." Akatikisa kichwa. "Lakini makinda wapo hai. Hilo nalo nimelisikia."

Askari alipoondoka, Mjomba aliweka fimbo chini, akakaa.

"Njoo hapa, mpwa wangu. Sikukugombeza kule kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hafundishi. Sasa sikiliza. Mtu akikutuma macho, yeye hubaki nyumbani bila macho. Anaona kile tu utakachomwambia. Ule uongo ulikuwa wako, lakini niliupaka mimi kwa mkono wangu, na wafyekaji wakaanza kuufuata kwa mafyekeo yao. Wewe ulikuwa umekaa kimya, nao unafanya kazi. Ungerudi ukaniambia, 'Mjomba, siafu wameniuma, sikumwona,' ningekupaka dawa, na ungekwenda tena siku nyingine. Kutomwona ndege si kosa. Hata mimi kuna vitu sijaviona."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Na nimeona kwamba ulisema mbele ya watu, huku unajua utachekwa. Mungu alikupa nafasi kabla fyekeo halijafika, ukaitumia. Lakini usizoee kungoja mpaka fyekeo lisikike. Kweli iseme mapema, ingali nyepesi kubeba."

Walipaka upya. Mjomba alimchora kinyota chini kabisa ya ubao, mguu mmoja juu ya mzizi. Sehemu ya kivuli ilimwangukia Tone, na ilikuwa kazi ngumu kuliko anga, kwa sababu kivuli cha msituni kina kijani nyingi na hakuna mbili zilizo sawa. Alipanda mlimani na waya mara nyingi. Alipokosa kuona kitu, alirudi akasema, "Leo sikuona," na Mjomba akajibu, "Haya," wakaendelea na kazi nyingine.

Wafyekaji waliipindisha njia ikapita mbali na ukingo. Makinda walikwisha kuota manyoya, yenye madoadoa ya manjano na meusi na bila nyota, wakati shule ya kwanza ilipofika. Wanafunzi waliwasili wakipiga kelele, wakauzunguka ubao langoni, wakasukumana wapate kuona. Askari hakuwapa maelezo marefu. Aliwaacha watazame.

Kisha wakaingia msituni. Kwenye kona, njia ilipopindishwa, mtoto wa mbele alichuchumaa. Wa nyuma yake akachuchumaa pia, na mwingine, na mwingine, mpaka mstari wote ukawa chini na kelele zikaisha. Walitazama mizizi, wakatazama majani makavu. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu.